Kifudifudi

Bango limechomekwa kwenye kiraka cha udongo
kisichotosha hata kuzika paka:
INAUZWA. Vyumba vitatu, mabafu mawili na nusu
(nusu ipi, sijui, na saruji yake niliibeba mimi),
taa zilizozama darini, jiko lenye kisiwa,
na chini kabisa, kwa herufi za kujisifu:
VIDATO VYA MARUMARU, VYA ASILI.

Hapo kwenye asili nina neno.

Mtaa huu wa Baltimore nyumba zimeshikana mabega
kama ndugu waliobanana kwenye picha ya arusi.
Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule;
wa namba kumi na nne akipiga chafya,
wa kumi na sita humwombea afya.
Kila mlango na vidato vyake vitatu, vyeupe,
na kila Jumamosi, tangu mama yangu hajaota meno,
wanawake walipiga magoti
na ndoo, na jiwe la kusugulia, na habari za wiki.
Usiposugua, ulisuguliwa wewe.

Wa kumi na nne aliitwa Odessa Tillery.
Sikumjua. Nilijua uzito wake tu.
Miaka hamsini na kitu alikanyaga palepale,
yeye na wanawe, na wapangaji, na mtu wa makaa, na mtu wa bima,
polisi mara moja,
wabeba jeneza mara mbili,
hata kidato cha kati kikabonyea
kama mto ulioachwa na kichwa asubuhi.
Mvua ikinyesha kilishika maji, kikombe kimoja hivi.
Shomoro walikuja kukoga.

Kisha mbao zikapigiliwa madirishani, miaka tisa.
Mti ukaota bafuni, ukatoa kichwa nje kuangalia barabara.
Kampuni ikainunua nyumba kwa bei ya gari kuukuu.

Meredith wa kampuni alinyoosha kalamu:
"Hicho kimechakaa. Mtu atajikwaa, atashtaki."
Kipya kilikuwa dola elfu mbili.
Kukigeuza ni siku moja, wanaume watatu, mitaimbo miwili.

Tukakigeuza.

Ni hila ya zamani ya waashi, wala si dhambi.
Upande wa chini haukuwa umeliona jua
tangu ulipotolewa machimboni;
ulikuwa bado na alama za patasi
ya mtu aliyekufa kabla ya babu yangu kuzaliwa.
Nikazifuta kwa mashine. Dakika arobaini.
Jiwe likang'aa kama uongo ambao haujaulizwa swali.

Ng'ambo, Bi Vernell, wa mwisho mwenye ndoo,
alisimamisha brashi.
Akavuka taratibu, goti moja likilalamika kuliko jingine,
akaangalia, akaangalia.
"Umemlaza kifudifudi."
"Ni jiwe, mama."
"Kwani nimesema nini mimi?"
Akarudi kwenye povu lake.

Kanuni inataka shimo lile lijazwe chokaa
ili jiwe likae sawasawa, lisicheze.
Ndoo ya chokaa ilikuwa tayari, mwiko mkononi.
Vijana walikuwa wamekwenda kununua mikate.
Sikujaza.
Nilikaza pembe nne, nikasawazisha, nikafuta ukingo,
na katikati, chini, gizani,
nikaliacha bonde la Odessa likiwa na hewa yake.

Leo Jumapili mlango uko wazi, wanakuja wenye vikombe vya kahawa.
Laki tano na themanini na tisa elfu.
Mume anauliza, "Marumaru ni ya asili kweli?"
"Kabisa," anasema Meredith, na hajadanganya.
Mke anapima dirisha kwa shubiri.
Mimi nimekuja kudai salio langu; nimesimama kando, na kofia yangu.

Binti yao, wa miaka mitano labda,
anaruka kutoka kidato cha juu hadi cha kati.
Anatulia.
Anainamisha sikio,
anatazama viatu vyake,
kisha anarudi juu, aruke tena.